Kilo Arobaini na Moja za Zafarani

Nchi hii haimo kwenye ramani yako, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta, na ukiona mambo yake yanafanana na ya kwenu, basi ni macho yako tu. Inaitwa Tambarare. Ina mito miwili, mmoja una maji, na ina wizara thelathini na tisa. Inayoheshimika kuliko zote ni Wizara ya Uvumilivu wa Taifa, ambayo kazi yake ni kuhakikisha wananchi wanavumilia. Wageni wakisikia hivyo hucheka. Wenyeji hawacheki, hasa siku za kazi.

Kila mwaka Wizara huandaa Mbio za Uvumilivu. Farasi kumi na wawili na wapandaji wao hutoka lango la Ikulu alfajiri, huenda mpaka nguzo ya mpakani, kisha hurudi Uwanja wa Taifa kabla jua halijazama. Ni kilomita mia moja na sitini. Farasi wa kwanza kufika hupewa kikombe. Tuseme ukweli, kikombe hupewa mpandaji, na farasi hupewa pongezi. Na mpandaji wa kwanza kufika, tangu mbio zianzishwe miaka saba iliyopita, ni Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Brigedia Mstaafu Ponsiano Kilungule, mtu wa kilo mia moja na kumi na nane kabla ya kunywa chai. Wapandaji wale wengine kumi na mmoja ni watumishi wa Wizara, tena watumishi wenye akili, na wote hupatwa na kiu ya ghafla kilomita ya mwisho.

Mwaka wa kwanza mpaka wa saba, aliyembeba Waziri alikuwa farasi jike mmoja wa rangi ya manjano iliyoiva, jina lake Zafarani. Picha yake ilikuwa kwenye stempu, kwenye madaftari ya shule na kwenye mifuko ya unga, siku ambazo unga ulikuwepo.

Sasa, huyo Zafarani alikuwa na mguu. Alikuwa na minne, lakini mguu wa mbele wa kushoto ndio uliokuwa unamnyima usingizi Daktari Zuhura Mkindi, Mganga Mkuu wa Farasi wa Taifa. Cheo hicho kilikuwa kirefu kuliko ofisi yake, ambayo zamani ilikuwa stoo ya mkaa. Kila Jumatatu, kwa miaka saba, Daktari Zuhura alichuchumaa kando ya mguu ule akauzungushia utepe chini ya goti, pale kano inapopita. Mwaka wa kwanza utepe ulisoma sentimita kumi na tisa. Mwaka huu ulisoma ishirini na nne, na ukiweka kiganja pale unasikia joto kama la chungu kilichotoka jikoni.

"Anachechemea asubuhi," alisema Mzee Feruzi, saisi aliyemlea Zafarani tangu anazaliwa, na ambaye alilala banda moja naye. "Akishapata moto hachechemei. Anajificha, Daktari. Huyu mnyama ana aibu."

Daktari Zuhura alimpenda farasi yule, na hakuona haya kusema hivyo. Akavaa gauni lake la heshima akaenda kwa Waziri.

"Mheshimiwa," akasema, "akikimbia mwaka huu, mguu utavunjika. Akipumzika sasa, ataishi miaka kumi na tano mingine. Atakula majani, atazaa, atazeeka."

Waziri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwa Waziri hiyo ilikuwa dalili ya kufikiri, na wasaidizi wake walinyamaza kwa adabu.

"Daktari wangu," akasema, "katika nchi hii nani anapumzika? Mimi napumzika? Mkulima anapumzika? Maiti zenyewe siku hizi zinasubiri foleni ya makaburi, hazipumziki! Leo tumwambie farasi apumzike, kesho mwalimu naye ataomba. Lakini mimi si katili. Nchi yetu ni ya taratibu. Kama farasi amechoka, na aseme."

*

Taratibu zikafuatwa. Ikaundwa Kamati ya Hiari, watu watano na mpiga chapa, nayo ikaenda bandani kumhoji mhusika. Mwenyekiti alisimama mbele ya Zafarani akasoma kwenye karatasi.

"Ndugu Farasi. Bila shinikizo la mtu yeyote, je, umechoka?"

Zafarani alimtazama.

"Nauliza mara ya pili. Umechoka?"

Zafarani akanusa karatasi, akaona si majani, akapiga chafya. Mwenyekiti akajifuta uso kwa leso na kuuliza mara ya tatu, safari hii kwa mbali kidogo, na Zafarani akageukia ndoo yake ya maji.

"Hajasema kitu," alisema Daktari Zuhura, "kwa sababu ni farasi."

"Andika," Mwenyekiti alimwambia mpiga chapa. "Mhusika alisikiliza kwa makini, akachangamka, na hakutoa malalamiko yoyote. Mara tatu."

Daktari Zuhura alitoka pale akiwa amevunjika moyo kabisa. Ni Mzee Feruzi aliyemkumbusha kwamba bado kuna Mizani.

Na hapa lazima nieleze, maana ni jambo wanalojivunia sana watu wa Tambarare na halipatikani kwingine. Kwao ubishi hauamuliwi kwa maneno. Zamani uliamuliwa hivyo, na kesi zikawa haziishi, kwa kuwa kila upande ulikuwa na maneno. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Majalada. Kila upande huleta jalada lake, majalada mawili yanawekwa kwenye mizani ya kupimia pamba iliyopo Jumba la Haki, na jalada zito ndilo lenye haki. Hakuna upendeleo. Wajane wamewahi kuwashinda matajiri kwa kuloweka karatasi zao usiku kucha, mpaka kuloweka kukapigwa marufuku.

Basi Daktari Zuhura akaanza kunenepesha jalada la Zafarani. Akatia vipimo vya Jumatatu zote za miaka saba. Akatia picha za mifupa, na picha hizo zilikuwa kwenye vioo kwa sababu Wizara haikuwa na filamu. Akanakili kwa mkono kila maandiko aliyoyajua juu ya kano za farasi, mara mbili mbili, kwa hati kubwa. Mzee Feruzi naye akaleta gunia. Ndani mlikuwa na viatu vyote vya chuma alivyowahi kuving'oa kwenye kwato za Zafarani, vya mguu wa mbele wa kushoto vikiwa vimelika upande mmoja kwa ajili ya kuchechemea.

"Hivi ni ushahidi au si ushahidi?" akauliza.

"Ni ushahidi, Mzee wangu," alisema Daktari Zuhura, akakumbatia gunia lile.

*

Siku ya Mizani, Jumba la Haki lilijaa. Mpima Haki Mkuu, aliyevaa joho na glavu za kubebea mizigo, aliita upande wa Mbio kwanza. Waziri alileta hotuba zake zote za miaka saba, zimefungwa utepe wa bendera. Zikawekwa. Mshale wa mizani ukatikisika kidogo, kisha ukakaa kwenye kilo nne.

Ukumbi ukaguna. Waziri mwenyewe alionekana ameshangaa kikweli, maana alivyozisikia yeye zilikuwa nzito. Wasaidizi wakatoka mbio, wakarudi na vikombe vyote saba, na fremu ya picha ya Mkuu wa Nchi, ya mninga, na jiwe la msingi la uwanja ambao haujajengwa. Mshale ukapanda mpaka thelathini na nane.

Likaja jalada la Zafarani. Walilibeba watu wawili. Kilo arobaini na moja.

Daktari Zuhura alisikia masikio yakivuma. Mzee Feruzi alipiga kelele moja tu, "Mwanangu!", akaketi chini palepale sakafuni akilia. Mpima Haki Mkuu akavua glavu, akatangaza kwamba kati ya Mbio za Uvumilivu na ustawi wa muda mrefu wa farasi, ustawi umeshinda kwa kilo tatu, na hukumu hiyo haina rufaa.

Waziri alikuwa wa kwanza kumpa Daktari Zuhura mkono. Alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Haki imetendeka," akasema. "Nitauzindua mimi mwenyewe. Mpango wa Taifa wa Ustawi wa Muda Mrefu wa Farasi! Zafarani awe mnufaika wa kwanza, na wale kumi na mmoja wamfuate. Malisho, kivuli, maji, mpaka kufa kwao. Daktari wangu, umelitendea taifa jambo kubwa."

Alikuwa anasema kweli. Mpango uliandikwa wiki ileile, mzuri ajabu, hauna kosa. Daktari Zuhura alipousoma alitafuta ujanja uliofichwa akaukosa. Ujanja haukuwa kwenye Mpango. Ulikuwa kwenye barua ya Katibu wa Wizara, Bi Anatolia, mwanamke mpole asiyewahi kuvunja kanuni hata moja maishani mwake.

"Mpango unaanza kazi ukizinduliwa, Daktari," alieleza Bi Anatolia, akimsogezea kiti. "Na mipango yote ya Wizara huzinduliwa kwenye mstari wa kumalizia mbio. Ndiyo kanuni. Mnufaika lazima awepo pale. Na kwa kanuni ya saba, farasi haruhusiwi kufika kwenye mstari ule ila kwa njia ya mbio."

"Unataka akimbie kilomita mia moja na sitini ili aruhusiwe kutokukimbia?"

"Mara moja tu, mpenzi. Halafu basi." Bi Anatolia alifungua ukurasa wa pili, na sauti yake ikapungua, maana hakuwa mtu mbaya. "Na kuna hili. Sheria ya Majalada, kifungu cha mwisho. Aliyeshinda hutembea na jalada lake mpaka hukumu itekelezwe. Wasije wakalibadilisha njiani."

Daktari Zuhura hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliomba maji.

*

Siku ya mbio, Zafarani alitoka lango la Ikulu akiwa amembeba Waziri, na nyuma ya Waziri, limefungwa kwa kamba za katani, jalada lake mwenyewe: vioo, viatu vya chuma, na maandiko yote juu ya kano, mara mbili mbili kwa hati kubwa. Kila karatasi aliyoinakili Daktari Zuhura kwa mapenzi ilikuwa pale mgongoni. Yeye na Mzee Feruzi walitangulia kwa gari la Wizara kwenda kwenye vituo vya ukaguzi, Mzee Feruzi akiwa ameipakata redio yake.

Sheria ya mbio ni kwamba farasi akifika kituoni hupumzishwa dakika ishirini, kisha mganga hupima mapigo ya moyo. Yakiwa sitini na nne kwa dakika au chini, anaendelea. Yakizidi, anatolewa. Sheria hii aliiandika Daktari Zuhura mwenyewe.

Kituo cha kwanza, sitini. Kituo cha pili, pale nguzo ya mpakani, sabini na mbili.

"Anatoka," alisema Daktari Zuhura.

Waziri, akiwa kwenye kiti cha turubai na nanasi mkononi, aliomba kalamu. Aliandika amri ya dharura kwamba kutokana na joto la msimu, mapigo halali ya moyo katika Jamhuri yamepandishwa hadi sabini na tano. Bi Anatolia, aliyesimama nyuma ya kiti, akagonga muhuri. Amri hiyo, nasikia, bado inatumika hospitalini.

Kituo cha tatu kiko kilomita ya mia moja na ishirini. Zafarani alikifikia jua likiwa la alasiri, jasho limemkauka likawa chumvi nyeupe shingoni, na mguu wa kushoto akiugusisha tu chini, kwa aibu, kama mtu anayeingia ndani ya nyumba ya watu na viatu vya matope. Daktari Zuhura akaweka kipimo kifuani. Tisini na sita. Akangoja dakika ishirini. Tisini na nne.

"Simtilii sahihi," akasema. "Hata ukipandisha mpaka mia, Mheshimiwa. Simtilii."

Alitegemea ukali, ambao angeuweza. Waziri hakuwa mkali. Alimvuta kando, akamshika bega.

"Sipandishi mapigo, Daktari wangu. Uamuzi ni wako, wewe ndiye mganga. Ukimtoa hapa, nitakuheshimu. Ila Mpango hautazinduliwa. Mwakani atakimbia tena kama farasi wengine, na wale kumi na mmoja vilevile, na mimi nitakuwa nimepumzika vizuri. Ukimpitisha, zimebaki kilomita arobaini. Arobaini tu. Halafu malisho mpaka kufa. Pima mwenyewe."

"Mtolee basi hilo jalada mgongoni."

"Hilo ni haki yake," alisema Waziri, akionekana ameumia. "Nimnyang'anye haki yake?"

Daktari Zuhura akamtazama Mzee Feruzi, na Mzee Feruzi akatazama pembeni. Akapima. Upande mmoja kilomita arobaini, upande wa pili miaka kumi na tano. Zafarani na wale kumi na mmoja, na watoto watakaowazaa, wote wamesimama kwenye majani bila mtu mgongoni. Aliwaona kabisa. Kilomita arobaini ni kama saa mbili na nusu. Amevumilia miaka saba, atashindwa na saa mbili na nusu?

Hilo neno lilipompita kichwani, kuvumilia, alipaswa kushtuka. Hakushtuka. Akaweka sahihi.

*

Mguu ulivunjika kilomita ya mia moja na thelathini na moja, kwenye mteremko mdogo usio na jina. Wale waliokuwa karibu wanasema ulisikika. Waziri aliangukia majani, hakuumia, akasimama akajipangusa. Gari la wagonjwa, ambalo ni la binadamu, likamchukua.

Daktari Zuhura alipofika, Zafarani alikuwa amelala ubavu na jalada limepasuka kando yake, karatasi zikipeperuka barabarani. Alikuwa anajaribu kuinuka. Hilo ndilo lililomtoa Daktari Zuhura machozi, zaidi ya mfupa: kwamba alikuwa bado anajaribu kuinuka ili aende. Mzee Feruzi alimlalia shingoni, akawa anamwambia sikioni, "Tulia mama, basi, tulia, umefika." Daktari Zuhura akafungua mkoba wake akatoa sindano aliyoomba miaka saba asije akaitumia.

Redio ilikuwa kwenye gari, mlango wazi. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kutoka uwanjani. "Ndiyo hao wanaingia, ndugu wananchi! Zafarani! Zafarani yule yule, shingo juu, mwendo ule ule!" Lililokuwa linaingia lilikuwa gari la wagonjwa, Waziri akipunga mkono dirishani, na watu elfu arobaini waliliona kwa macho yao, wakashangilia farasi. Hawakudanganywa. Walikuwa wamezoea tu.

Mpango ukazinduliwa. Waziri alikuwa mtu wa ahadi.

Nao umefanikiwa, ndugu msomaji, hakuna mpango uliofanikiwa kama ule. Zafarani alizikwa palepale kwenye mteremko bila kibali, kwa kuwa bingwa aliyeshinda hawezi kupewa kibali cha kuzikwa. Kila mwisho wa mwezi Daktari Zuhura hujaza taarifa ya hali ya mnufaika. Mwezi wa kwanza alikataa, na Bi Anatolia alimweleza kwa upole kwamba bila taarifa nzuri ya mnufaika wa kwanza, wale kumi na mmoja hawawezi kuingizwa. Basi akajaza. Mguu wa kushoto: hauna uvimbe. Maumivu: hakuna. Mapigo ya moyo: yametulia. Hakuna neno la uongo pale. Wale kumi na mmoja bado wanasubiri kuingizwa, na wanaendelea kukimbia.

Juzi, ikiwa imebaki miezi miwili mbio za mwaka huu zifike, Bi Anatolia alimwita Daktari Zuhura bandani. Wizara ilikuwa imesoma taarifa zake zote kumi. Waziri aliguswa sana. Kwa afya ile, Bi Anatolia alisema akikwepa macho yake, itakuwa dhambi kumnyima Zafarani kutetea kikombe chake.

Bandani alisimama farasi jike wa rangi ya manjano iliyoiva. Miguu myembamba, goti halijakomaa, macho makubwa ya mtoto. Mzee Feruzi alikuwa anampiga brashi, taratibu, bila kuinua uso.

Daktari Zuhura akamfunua mdomo, akatazama meno.

"Kwenye taarifa zako ana miaka kumi na mmoja," alisema Mzee Feruzi.

"Huyu ana miwili na nusu."

"Najua."

Akachuchumaa, akashika mguu wa mbele wa kushoto. Ulikuwa wa baridi, mkavu, mzima kabisa. Hajawahi kushika mguu mzuri kama ule.

"Ana jina lake?" akauliza.

"Alikuwa nalo, huko alikotoka. Hawakuniambia." Mzee Feruzi akaacha kupiga brashi. "Mwite, Daktari. Mwite uone."

"Zafarani," akaita Daktari Zuhura, kwa sauti ndogo, akitumaini kwa moyo wake wote kwamba hatageuka.

Yule mtoto akageuka mara moja, akaja.